Sauti ya Geti

Jumapili, tarehe 18 Agosti 2024. Asubuhi hiyo Mpemba iliamka na upepo mkavu wenye baridi ya kuuma masikio, na vumbi la barabara kuu lilianza kupanda kabla jua halijapata nguvu. Foleni ya malori yaendayo mpakani ilikuwa imefika mpaka mbele ya kanisa, na madereva walikuwa bado wamejifunika mablanketi ndani ya magari yao.

Enesi alikuwa amechuchumaa jikoni, akizifunga hedseti ndani ya kanga ili zisigongane njiani, wifi yake Felista aliposimama mlangoni.

"Wifi, nimetumwa," alisema Felista.

Enesi hakuhitaji kuuliza na nani. Kwao Ileje, mkamwana wa Kindali haonani na baba mkwe wake. Akisikia anakuja, anapisha njia. Chakula chake anampa mtoto apeleke. Jina lake halitamki. Wengi wa mjini walikuwa wameilegeza mila hiyo, lakini Mzee Mbonile, baba wa mumewe, aliishika, na Enesi aliishika kwa heshima yake. Tangu aolewe, kila neno kati yao lilipita mdomoni mwa mtu mwingine. Mwanzo mpelekaji alikuwa mama mkwe. Mama alipofariki, kazi hiyo ikamwangukia Felista, aliyebaki na mzee nyumbani. Sasa mzee alikuwa amekuja kwa ajili ya jubilei ya kanisa, naye alilala kwa jirani ili asigongane na mkamwana wake uani.

"Baba anasemaje?"

"Anasema leo ndiyo mwisho. Jubilei ikiisha, vyombo viuzwe, masomo ya jioni yaishe, mrudi nyumbani Ileje. Mwanamke kusimama mbele za watu na madude masikioni, mume amelala kitandani, anasema ni aibu ya ukoo. Tukitoka ibadani tutakaa kikao."

Kutoka chumbani Jofrey alikohoa. Mguu wake ulikuwa umefungwa hogo la plasta tangu alipoanguka kutoka kwenye ngazi akifunga spika harusini. Vyombo vilikuwa vyake, na kazi ilikuwa yake. Enesi alijifunza kwa kumbebea nyaya, baadaye kwa kumshikia kamera, na sasa alikuwa anaisimamia yote mwenyewe.

"Umesikia, Baba Blessing?" Enesi aliuliza.

"Nimesikia."

"Unasemaje?"

"Kama baba amesema..."

"Kama baba amesema, ndiyo nini? Malizia."

Enesi akasikia kitanda kikilia, Jofrey akigeukia ukutani.

Enesi aliishia darasa la saba, na sasa, akiwa mtu mzima mwenye mtoto anayemzidi kimo, kila jioni alikwenda kujibana kwenye dawati la watoto wa shule ya msingi kusoma masomo ya sekondari. Mtihani ulikuwa Novemba. Asubuhi hiyo hakumjibu Felista lolote kuhusu hilo. Aliweka mkono juu ya furushi la hedseti, akafumba macho. "Bwana, nishikie siku hii," aliomba, "maana mimi siwezi kuishika." Kisha akajitwika boksi kichwani na kutoka, huku Felista akimtazama kama mtu aliyetaka kuongeza neno na kulimeza.

&nbsp;

Kanisani, mzee wa kanisa Samwel alikuwa tayari amevaa suti na tai, akizunguka na ratiba.

"Fundi yuko wapi?" alimuuliza Lusajo, kijana wa kamera.

"Huyu hapa, mzee," Lusajo alimwonyesha Enesi kwa kidevu.

"Huyu mama namjua. Nauliza fundi."

"Ndiye, mzee."

Samwel alimtazama Enesi kuanzia viatu, kisha akaendelea kumweleza Lusajo. Maandamano ya jubilei yangetoka kwenye viwanja vya zamani vya sala, ng'ambo ya barabara kuu. Yakiingia getini, matarumbeta yaanze. Askofu akifika kwenye ngazi, kwaya isimame. "Matarumbeta yakianza mapema, yataishiwa pumzi. Yakichelewa, baba askofu ataingia kimya kama mwizi. Umeelewa, kijana?"

"Mwambie mama, mzee. Ndiye anayetuongoza."

"Basi mwambie wewe."

Enesi alikuwa amesikia yote. Alikuwa amepiga magoti chini ya meza, pembeni mwa mimbari, akifungua mtambo wenyewe: boksi la chuma, kubwa kama Biblia ya madhabahuni, lenye matundu ya kuchomeka waya, maikrofoni na spika ndogo usoni. Kutoka mezani hapo geti halikuonekana. Simu zisingefaa: watu wakijaa mtandao unakatika, na matarumbeta yakilia hakuna anayesikia simu ikiita. Kwa hiyo walikuwa na intakomu hii ya waya. Alichomeka umeme, akangoja taa ya kijani itulie. Akavuta waya wa kwanza mpaka kwenye kamera ya Lusajo, akamfunga kiboksi kiunoni na kumvika hedseti. Kutoka kiboksi cha Lusajo akavuta waya wa pili, akaupitisha dirishani na kuufuatisha ukuta mpaka getini. Wote watatu wangekuwa kwenye waya mmoja, na neno la mmoja lingesikiwa na wote.

"Kwa kiboksi hiki," alisema Lusajo akijipapasa kiuno, "watu watadhani nimebeba sadaka."

"Ukitaka kusema, bonyeza. Ukimaliza, bonyeza tena uzime. Taa nyekundu ikiwaka ujue tunakusikia hata ukipiga mwayo."

Getini alimweka Makene, dereva wa bodaboda aliyemwahidi Jofrey kusaidia. Walipojaribu, masikioni kukajaa mvumo kama nyuki walioudhiwa. Samwel alipousikia ukivuja kwenye hedseti ya Lusajo, alitikisa kichwa kana kwamba alikuwa anaungojea. Enesi aliufuata waya kwa vidole, hatua kwa hatua, mpaka nje, akakuta umelazwa bega kwa bega na waya mnene wa jenereta. Aliuinua akaufunga juu ya ukuta. Aliporudi mezani na kuvaa hedseti, nyuki walikuwa wamenyamaza.

"Mulishani, mama!" Makene alisema masikioni mwake kwa sauti safi, kama anavyowasalimia wateja wake wa Nakonde, upande wa Zambia.

"Salama. Usitoke hapo, Makene."

"Nitoke niende wapi? Hapa nimekaa na wazee kama mkuu wa wilaya."

Alipokuwa nje, Enesi alikuwa ameona kwa jicho la pembeni kanzu ya kijivu chini ya turubai la wazee, kando ya geti. Mzee Mbonile alikuwa ameamua kusali nje. Mkamwana wake angefanya kazi ndani, kwa hiyo yeye alijitafutia kiti mbali kadiri alivyoweza. Enesi alikuwa amevuta kanga kichwani na kuharakisha kuingia.

&nbsp;

Kanisa lilijaa. Wapiga matarumbeta walilowesha midomo yao. Enesi alibonyeza.

"Geti, unanisikia?"

Kimya.

"Makene. Maandamano yamefika wapi?"

Alibonyeza taa ya kuita, ile inayowaka kwenye kiboksi cha upande wa pili hata kama mtu amevua hedseti. Akaibonyeza mara nyingi. Samwel akaja kusimama begani kwake.

"Kuna nini?"

"Geti halijibu."

"Ndiyo maana tulitaka mwanaume."

"Aliyeko getini ni mwanaume, mzee," alisema Lusajo masikioni mwa Enesi, na Enesi hakujua acheke au alie.

Ndipo masikioni kukakwaruza, kama mtu anayevaa kitu asichokijua ukubwa wake. Kikohozi. Kisha sauti nzito, isiyo na haraka:

"Geti hapa. Kijana wa pikipiki amepata abiria wa mpakani, ameondoka. Taa inawaka, nikaona nijibu. Nani yuko upande wa pili?"

Enesi aliifahamu sauti ile. Aliwahi kuisikia ikisali nyuma ya ukuta, alfajiri, mzee alipokuja kuwatembelea. Kabla hajafikiri, magoti yake yalishakunjika. Alichuchumaa nyuma ya meza, kanga imefunika uso mpaka puani, kama mtu aliyekutana na mkwewe njiani.

"Unatafuta nini huko chini?" Samwel aliuliza.

"Geti hapa," ilirudia sauti. "Kuna mtu?"

"Mama Blessing, geti linaita," alisema Lusajo. "Jibu."

"Lusajo, muulize geti maandamano yamefika wapi."

"Si umuulize mwenyewe? Mimi nimelenga kwaya."

"Nakuomba, Lusajo. Muulize wewe."

Lusajo alipumua kwa nguvu. "Geti, mama anauliza maandamano..."

"Nimemsikia," ilisema sauti, ikapoa ghafla, kwa kuwa na yeye sasa alikuwa amejua. "Mwambie... mwambie huyo mama kwamba watu wamesimama ng'ambo ya barabara. Malori hayajawapisha. Wakianza kuvuka nitasema."

"Mama, geti linasema wanavuka," alisema Lusajo, jicho lake likiwa kwenye kioo cha kamera. "Wako hapa hapa getini. Freshi, mambo yameiva."

Samwel aliisikia sauti ya Lusajo ikivuja kutoka kwenye hedseti. Akainua mkono kwa wapiga matarumbeta. Nao wakainua shaba zao midomoni.

Enesi aliganda. Yeye alikuwa amesikia maneno yote mawili, lile lililotoka getini na lile lililotoka kwa Lusajo, na hayakufanana. Lusajo hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa na haraka tu, akataka lililokaribia kuwa liwe limeshakuwa. Neno lilikuwa limepita mdomo mmoja tu, tena mbele ya masikio yake. Enesi akakumbuka asubuhi, mlango wa jikoni, na maneno yote aliyoletewa mwaka huu.

Aliinuka. Akaushika mkono wa mzee wa kanisa, akaushusha chini, jambo ambalo hakuwahi kuliota.

"Bado," alimwambia. Kisha akabonyeza. "Shikamoo, baba. Tafadhali, rudia."

Lusajo, naye mtoto wa Ileje, aliinua jicho kutoka kwenye kamera. Enesi alikuwa na muda wa kuona viatu vyake vilivyojaa vumbi, na kufikiri kwamba ameivunja nyumba yake kwa kidole kimoja.

"Marahaba," ilisema sauti. "Narudia. Wamesimama ng'ambo ya barabara. Malori hayajawapisha. Bado."

"Nimesikia, baba. Wamesimama ng'ambo. Malori hayajawapisha. Bado."

"Sawasawa. Hivyo ndivyo tulivyofanya stesheni, nilipokuwa kazini reli. Treni haikutoka mpaka mwenzako arudie ulichomwambia." Kikohozi. "Subiri. Lori la kwanza limesogea. Trafiki amenyoosha mkono. Wameanza kuvuka. Msalaba uko mbele... umefika getini. Sasa."

"Umefika getini. Sasa," alisema Enesi, akampa ishara Samwel, na matarumbeta yakapasua hewa mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka. Askofu aliingia juu ya wimbo kama aliyebebwa. Samwel alimtazama Enesi, akafungua mdomo, akaamua kurekebisha tai.

&nbsp;

Mahubiri yalikuwa marefu. Lusajo aliituliza kamera kwa mhubiri, na waya haukuwa na kazi. Enesi alikaa na vidole mapajani. Alikuwa anajiandaa kuvua hedseti taa ya getini ilipowaka.

"Mama Blessing."

"Naam, baba."

"Nimekwisha kusikia sauti yako, na wewe umesikia yangu. Sijui kama mila imevunjika. Sikuoni, hunioni. Mambo ya waya hatukufundishwa." Alisita. "Kwa kuwa imekuwa hivi, nirudie nililoambiwa, nawe uniambie kama ndilo ulilosema. Niliambiwa umesema hutamwogesha mzee asiye baba yako. Kwamba nife na binti yangu huko huko."

Enesi alifumba macho. "Baba, Mungu ananisikia. Nilimwambia wifi kwamba nikimaliza mtihani nitakuja nimpokee, naye apumzike. Sikusema lingine."

Mhubiri alikuwa anataja vizazi na vizazi.

"Na wewe uliambiwa nini?"

Alimwambia. Vyombo viuzwe, masomo yaishe, aibu ya ukoo. Kila neno lilimtoka kwa tabu, kama anamtukana mzee kwa maneno yake mwenyewe.

"Mimi nilisema," mzee alijibu taratibu, "Jofrey akizidiwa, nyumba yao ipo, wasione haya. Basi. Hayo mengine sikuyasema. Kuhusu masomo, nilimwambia Felista akuulize unasoma kitabu gani cha hesabu, maana mimi niliipenda hesabu. Hakukuuliza?"

"Hakuniuliza, baba."

Ndipo sauti nyingine ikaingia, ya mbali kidogo, ya mtu aliyesimama juu ya mzee. Taa ya geti ilikuwa bado nyekundu.

"Baba, nimekuletea chai. Unasema na nani humo?"

"Nasema na mkwe wangu."

Kikombe kikagonga mguu wa kiti. "Baba! Na yule mwanamke amekujibu? Hana aibu?"

"Felista, kaa. Nilikutuma neno, ukapeleka jingine. Kwa nini?"

Enesi alipaswa kuzima mtambo. Kidole kilikuwa juu ya swichi, na hakikushuka.

"Kwa sababu nimechoka!" Felista alisema, na sauti yake ikavunjika. "Wao wako mjini. Mmoja ana vyombo, mwingine ana daftari. Mimi nina nini? Nakupikia, nakufulia, nalala mlango wazi nikisikiliza kama unapumua. Kila mtu akipita anasema, 'Mungu atakubariki, Felista,' halafu anaondoka. Nikisema waje kunisaidia, wanasema watakuja. Nikasema nikipeleka kama amri yako, watakuja kweli, na wewe ukimkasirikia utawalazimisha. Nani ananipokea mimi, baba? Nani?"

Kwenye waya kulikuwa na upepo tu, na honi ya lori mbali.

"Mama Blessing," Lusajo alinong'ona, "nivue hedseti?"

"Umeshasikia, Lusajo. Kaa tu."

Enesi alikuwa amejiandaa kumkasirikia Felista. Alikuwa na haki hiyo tangu asubuhi, na alikuwa ameiweka tayari. Sasa aliitafuta asiione. Alichoona ni mlango wa chumba kule Ileje, umeachwa wazi, na mwanamke anayesikiliza pumzi za mtu gizani. Na kweli, yeye na Jofrey walikuwa wamesema "tutakuja" mara nyingi, kwa urahisi, kama mtu anavyosema "haya" akiaga.

&nbsp;

Ibada ilipokwisha, Jofrey aliletwa na bajaji, magongo yametangulia mlangoni. Alikuwa amevaa shati la kikao. Felista aliingia nyuma yake, macho mekundu, hamtazami mtu. Mzee wa kanisa Samwel aliombwa akae kama shahidi, naye akavuta kiti bila kukataa.

"Baba yuko wapi?" aliuliza Jofrey.

"Yuko getini," alisema Enesi. "Hawezi kuingia, mimi nipo. Na mimi siwezi kutoka, yeye yupo."

"Basi Felista aende akalete maneno."

"Hapana," alisema Felista, akitazama sakafu. "Mimi sipeleki tena."

Jofrey aliwatazama wanawake hao wawili, haelewi. Enesi hakueleza. Alisogeza mtambo mpaka katikati ya meza na kugeuza swichi ndogo ya pembeni, ile inayoitoa sauti hedseti na kuipeleka kwenye spika ya boksi.

"Geti, tuko tayari. Yupo mwanao, yupo wifi, yupo mzee wa kanisa Samwel na Lusajo. Wote wanasikia."

"Nimesikia. Mwanangu, mzee wa kanisa, Felista, Lusajo," ilisema spika, nyembamba kidogo lakini wazi. Jofrey alishika ukingo wa meza. Alimtazama mkewe kana kwamba ameota pembe, kisha akalitazama boksi.

"Mimi sina maneno mengi," mzee aliendelea. "Vyombo havitauzwa. Masomo hayatakatizwa, na atakayesema mimi nimesema, mwambieni anilete kwenye waya. Ila kuna mtu amechoka, na sote tulimwacha achoke. Kwa hilo sina amri. Nauliza tu."

Jofrey alitazama hogo lake. Samwel alisafisha koo na kuamua kwamba si nafasi yake. Nje lori lilipiga honi, foleni ikasogea kidogo, ikasimama.

Enesi alisimama. Alijua kwamba atakachosema hakitarudishwa, na hakujua chumba atakitoa wapi, wala atasoma saa ngapi. Aliomba kimoyomoyo, neno moja tu. Kisha akamshika Felista mkono, akabonyeza kitufe.

"Baba, mbele ya mume wangu na mbele ya hawa wote. Sitasubiri Novemba. Mwezi huu ukiisha utahamia kwetu hapa Mpemba. Chumba chako kitakuwa na mlango wake wa kutazama barabara, wangu utazame uani, tusigongane. Wifi atakwenda popote anapotaka kupumzika, na atarudi akitaka mwenyewe. Kati ya mlango wako na wangu nitavuta waya, nawe utaniuliza hesabu."

"Mungu wangu," alisema Jofrey kwa sauti ndogo. Hakukataa. Baada ya muda aliongeza, "Mlango nitautoboa mimi, mguu ukipona."

Felista aliushika mkono wa Enesi kwa nguvu.

Spika ilikwaruza.

"Kule stesheni tulirudia kila neno," alisema mzee mwishowe, "na ahadi ni nzito. Sitaki ipotee njiani. Felista, irudie wewe, nisikie kama ndiyo yenyewe."

Felista alijifuta uso kwa kiganja. Aliinama juu ya boksi, karibu sana, kama watu wasiozoea mtambo wanavyofanya, na huku wote wakisikiliza akairudia ahadi ile taratibu, bila kuongeza, bila kupunguza: mwezi huu ukiisha baba atahamia Mpemba, mlango wake utatazama barabara, wa wifi utatazama uani, na waya utakuwa kati yao. Alipofika kwenye sehemu yake alisimama, Enesi akambana mkono, naye akaendelea.

"Na mimi nitapumzika," alisema Felista kwa sauti. "Wifi ameahidi. Tumesikia wote."